Kidirisha Chekundu cha Kamera ya Baba

Harufu ya spiriti inayoungua kwenye karabai hunikausha koo mpaka leo, nami ni mtu mzima mwenye nyumba na watoto. Wengine wakiisikia hukumbuka harusi, au mkesha wa kanisani. Mimi hukumbuka chumba cha mbele cha nyumba yetu pale Mpwapwa, Jumapili baada ya ibada, madirisha yamefungwa yote isipokuwa moja, shuka jeupe limetundikwa kwenye kamba, na baba yangu akiizunguka karabai kwa kunyata kama mtu anayemvizia kuku. Kilikuwa kipupwe, mtama umeshaingia ghalani, na upepo wa mlimani ulikuwa ukitikisa mabati mchana kutwa. Nilikuwa na miaka kumi. Katika msimu ule mmoja nilimhamisha bibi kizee kutoka nyumbani kwake kwa neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "hapana". Nimelibeba muda mrefu. Leo nalitua hapa, anayetaka kunihukumu anihukumu.

Baba alikuwa mkufunzi katika chuo cha mifugo. Siku za kazi alifundisha vijana kuchanja ng'ombe na kupima maziwa, lakini roho yake ilikuwa kwenye kamera. Aliachiwa na daktari mmoja wa mifugo, mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na hata wakati ule ilikuwa ya kizamani: ukibonyeza kitufe, kifuniko kinafunguka na lenzi inatoka mbele juu ya mvukuto wa ngozi nyeusi, unaofanana na mvukuto wa mhunzi ila mdogo. Kwa miaka mingi ililala kabatini kwa kukosa mikanda. Ilipofika ile miaka ambayo watu waliiita ya ruksa, maduka ya Dodoma yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na pamoja na sabuni za kunukia na nguo za mitumba ikaja mikanda ya picha. Baba akafufuka. Hakumtoza mtu hata senti. Ilikuwa raha yake tu, kama wengine wanavyopenda bao. Taa zake aliziunda mwenyewe: kioo cha kabati la mama cha kuchukulia jua dirishani, karabai nyuma ya kipande cha kaliko ili mwanga usiumize, na ubao aliougandishia karatasi ya fedha inayotoka ndani ya makasha ya majani ya chai. Mama alilalamika kwamba anachana nywele kwa kubahatisha. "Kioo chako kiko kazini," baba akamjibu.

Sheria ilikuwa moja: kamera haiguswi na mtu yeyote ila yeye. Nami niliijua kamera ile kuliko nilivyojua katekisimu, maana kila Jumapili nilisimama pembeni nikishika kioo. Mgongoni ilikuwa na kidirisha cha duara, chekundu, kidogo kama kifungo cha shati. Humo ilionekana namba iliyoandikwa nyuma ya mkanda. Ukishapiga picha, unazungusha ufunguo taratibu mpaka namba inayofuata itokeze: moja, mbili, mpaka nane, basi, mkanda umekwisha. Baba alikuwa na daftari, na kila namba aliiandikia jina la aliyepigwa na namna ya mwanga. Kamera haikuwa na akili ya kukukataza. Ukisahau kuzungusha, inakupigia picha ya pili juu ya ya kwanza bila kunung'unika. Baba hakuwahi kusahau.

Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, aliishi Bibi Zaina. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, aliyeletwa Mpwapwa na mumewe, mchungaji wa ng'ombe wa serikali. Mume alipofariki akabaki, kwa sababu alisema hawezi kuliacha kaburi peke yake kama mbwa. Mtoto hakuwa naye. Alikaanga karanga na kuziuza kwenye vikaratasi karibu na shule, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzangu. Kila nikipita alinipigia kelele: "Mke mwenzangu, umekonda! Mume hakulishi?" Akicheka, alicheka kwa uso mzima, meno mawili ya juu hayapo, na machozi yakimtoka. Msikitini alikwenda, kwetu akaja Krismasi kula pilau, na watoto wachanga wa mtaa mzima aliwapakata. Nilimpenda sana. Nasema hivyo ili mjue kwamba mtu unaweza kumtenda unayempenda.

Alhamisi moja baba yuko chuoni, mama kaenda mashineni kusaga, nilipanda kiti nikaishusha kamera kutoka juu ya kabati. Sijui shetani gani alinituma. Labda nilichoka kushika kioo. Nilipita kwenye upenyo wa minyaa nikamkuta Bibi Zaina amekaa mlangoni pa jiko lake, ungo mapajani, anamenya karanga, na nyuma yake jiko ni giza tupu lenye masizi. Nikafungua mvukuto kama nilivyomwona baba akifanya. "He! Leo mke mwenzangu kawa mpiga picha!" akasema, akajitengeneza ushungi. Kisha akaona haya, akainamia ungo wake akicheka, na hapo nikabonyeza. Kikalia kile kimlio kidogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti. "Nitaiona lini?" akaniuliza. Nikamwambia ikitoka Dodoma. "Usinidanganye. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kupigwa picha."

Nilirudi nyumbani mbio, na nilipoitazama kamera mgongoni ndipo hofu iliponishika kiunoni. Kidirishani palikuwa na tano. Daftari la baba liliishia nne. Kama ningezungusha, ingetokea sita, na baba angeuliza tano kaila nani. Kama nisingezungusha, tano ingebaki pale pale inanikodolea, na hakuna ambaye angejua. Nikaiacha. Mtoto ana hesabu zake: niliwaza kwamba picha ya pili ingefuta ya kwanza, kama mwalimu anavyofuta ubao na kuandika somo jingine. Nikairudisha kabatini, nikafuta kiti kwa gauni langu, nikaenda kukaa nje mikono mapajani kama mtoto mwema.

Jumapili iliyofuata baba alimpiga picha Elia. Elia alikuwa mtoto wa jirani yetu karani, kijana mpole aliyeoa miaka michache nyuma, na mkewe alikuwa ameshapoteza mimba mbili kabla ya huyo. Ndiyo kwanza mtoto alikuwa ametimiza siku arobaini. Mama yake karani alikuwa amekuja kutoka Kibaigwa kumlea mzazi, mwanamke mkavu, mchapakazi, tuliyemwita Bibi Kibaigwa. Mtoto alilazwa mezani juu ya mto mweupe, karabai ikanguruma nyuma ya kaliko, nami nikashika kioo na kumwagia jua la dirishani. Mikono yangu ilitetemeka hata jua likawa linarukaruka juu ya paji la mtoto. "Tulia, mwanangu, jua linacheza," baba akasema. Nikabana viwiko mbavuni. Akahesabu moja, mbili, akafyatua, akazungusha ufunguo mpaka sita ikatokeza, akaandika daftarini: tano, Elia. Nikapumua, nikadhani yamekwisha.

Mkanda ulipokwisha ulikwenda Dodoma kwa mkono wa dereva wa basi tuliyemfahamu, ukasafishwe studio. Ulikaa wiki tatu. Katika wiki ya pili Elia alianza kukohoa, kisha akakataa titi. Akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akarudi, kikohozi kikarudi naye. Mama yake alikonda mpaka kanga ikawa haimkai. Usiku wa kuamkia siku bahasha ya picha ilipofika mtoto alikesha na homa, na karani alikuja kwetu na mama yake kuitazama picha kama watu wanaokuja kutafuta neno la faraja.

Baba alizipanga picha mezani moja moja. Akatoa ya tano. Elia alikuwa pale, mweupe kwenye mto wake, macho wazi. Na juu yake, katika giza la ukuta ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na uso wa Bibi Zaina. Mwili haukuwapo, umemezwa na weupe wa shuka. Ni uso tu na ushungi, umemwinamia mtoto, unacheka. Bibi Kibaigwa hakupiga kelele. Aliilaza ile picha kifudifudi, akajifuta vidole kwenye kanga, akauliza kwa sauti ya chini: "Huyu anamcheka nini mjukuu wangu?"

Baba akaanza kueleza. Akasema picha mbili zimelaliana, hutokea, ni makosa ya mkanda kutozungushwa. Akaleta daftari lake ili awaonyeshe. Hapo ndipo alipokwama, kwa maana Bibi Zaina hakuwa na namba hata moja daftarini. Baba hakuwahi kumpiga picha maishani mwake. Alifunua kurasa mbele, akarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Na kabla hajafunga daftari tukasikia hodi, na akaingia Bibi Zaina mwenyewe, amevaa kanga mpya, amejipaka wanja. Alikuwa amesikia bahasha imefika.

"Nimeambiwa picha zimekuja," akasema kwa furaha. "Yangu iko wapi?"

Alitutazama mmoja mmoja, tabasamu likaanza kumpungua. Bibi Kibaigwa akaufunika ule upande wa meza kwa kiganja: "Usiiguse." Bibi Zaina akasema kuna nini jamani, si huyu mke mwenzangu alinipiga, pale jikoni kwangu, muulizeni. Baba akageuka. Uso wake ulikuwa na matumaini, hilo nililiona hata siku ile. Alikuwa ananiomba nimwokoe. "Debora," akasema, "ulishika kamera?" Karani ananitazama, Bibi Kibaigwa ananitazama, nami na sinia langu pale mlangoni. Niliogopa fimbo, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kwamba ni mimi ninayemuua Elia. Niliamini kweli kwamba nimeuweka ule uso juu yake na ndio unaomkaba. Nikasema, "Hapana, baba. Sijashika."

Bibi Zaina alinitazama kwa muda. Alikuwa anangoja nicheke, akidhani ni utani wetu. Sikucheka. Akashika fremu ya mlango, akasema polepole, "Basi labda nimeota," akatoka.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila mtu alikumbuka kitu. Kumbe Elia alipakatwa naye siku ya tisa. Kumbe hata zile mimba mbili, mama mtu alikuwa akila karanga zake. Karanga zikalala kwenye vikaratasi bila mnunuzi. Watoto wenzangu wa darasa la nne wakarusha mawe juu ya bati lake mchana kweupe, na wazazi wao wakawaita wakale, hawakuwakemea. Nilisikia vijana wawili kisimani wakisema mtu wa namna ile dawa yake ni moja, na sikuuliza ni ipi. Lakini kilichonitisha kuliko vyote kilikuwa nyumbani. Baba yangu, mtu wa sindano na darubini, aliyekuwa akiwacheka wanaoogopa bundi, alianza kuogopa. Aliniamini mimi. Na kama mimi sikushika kamera, basi ule uso uliingia wenyewe. Alikirudisha kioo kabatini bila kuambiwa. Jioni alikagua makomeo mara mbili, na akaacha kulitaja jina la Bibi Zaina.

Balozi wa nyumba kumi alimshauri Bibi Zaina akapumzike kidogo kwa jamaa mpaka mambo yapoe. Aliondoka asubuhi kwa lori la mahindi kwenda Kibakwe, kwa mpwa wake mwenye duka, na ungo wake na mkeka na sufuria ya kukaangia. Mimi nilikuwa nyuma ya minyaa. Nilimwona akipandishwa, anageuka kutazama upande wa makaburi, lori likaondoka. Na siku ya nne baada ya hapo, kwa dawa mpya za hospitali na sindano za asubuhi na jioni, Elia akapona. Akanyonya mpaka akatapika. Watu wakashangilia, wakaambiana: mnaona? Mimi nilikwenda chooni nikalia huko, kwa kuwa sasa hata uzima wa mtoto ulikuwa umeshuhudia uongo wangu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ilipita miezi miwili na mimi chakula hakipiti. Mama alinipa dawa ya minyoo. Jumamosi moja nikamkuta baba chumba cha mbele amegeuza picha zote kuelekea ukutani, hata ya marehemu mama yake, na kamera ameifunga kwenye kanga kuukuu na kuikaza kwa kamba. Akasema anaitupa shimoni chooni. Alisema bila kunitazama, na niliona midomo yake imekauka. Ule woga wa baba sikuuweza. Nikasema yote, kiti, tano, jiko la Bibi Zaina, yote, kwa pumzi moja. Nikangoja fimbo; siku ile ningeipokea kwa mikono miwili. Baba hakunipiga. Alikaa chini, akafungua daftari, akatafuta namba tano, na pembeni ya jina la Elia akaandika Zaina. Kisha akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kumtikisika.

Alinishika mkono tukaenda nyumba kwa nyumba, nami nikasema. Wengine walitikisa vichwa kwa heshima yake. Bibi Kibaigwa, aliyekuwa bado hajarudi kwao, alisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta. "Mkufunzi," akasema, "siku ile mtoto alisema hapana mbele yetu sote, fimbo haipo. Leo anasema ndiyo baada ya kufungiwa na wewe chumbani. Sasa mimi nimwamini yupi?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Ikabaki kwenda Kibakwe. Tulipanda lori alfajiri, vumbi la kiangazi mpaka kwenye kope, milima ikitusogelea. Ile picha ilikuwa kwenye bahasha ndani ya koti la baba. Mke wa mpwa alitupokea vizuri, akatupa maji ya kunawa, na wakati anatuonyesha chumba cha Bibi Zaina niliona mlango una komeo kwa nje. Baba naye aliliona. Yule mama akanong'ona kwa aibu kwamba si wao. "Ameomba mwenyewe. Kila magharibi tumfungie. Anasema hajui akilala anakwenda wapi."

Nilipiga magoti. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu," akajibu. Mwanangu. Hakuniita mke mwenzangu, na hakuniita hivyo tena kamwe. Nikamweleza, nikilia, na baba akampa picha. Aliileta karibu na macho, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Niliogopa atapiga ukelele. Alisema tu, "Kumbe nacheka." Akaigusa sehemu ya uso wake kwa kidole gumba, kidogo, kama mtu anayepima moto wa chai. Halafu akaniambia neno ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka: "Siku ile nilikungoja ucheke. Hukucheka. Nikasema, mtoto mdogo huyu, ananipenda, ana sababu gani ya kusema uongo? Basi mwenye kasoro ni mimi."

Baba alimsihi arudi. Akasema atafikiri. Jua lilipozama akaswali, tukiwa uani na vikombe vya chai, kisha akaingia chumbani na kuita kutoka ndani, "Nifungieni." Mke wa mpwa akamtazama baba. Mimi nikakimbilia mlangoni nikasema, "Bibi, si nimekwambia ni mimi! Ni mimi!" Sauti yake ikaja kutoka ndani. "Nimesikia, mwanangu," akasema. "Fungeni tu." Na komeo likasukumwa. Asubuhi alinirudishia picha, akasema hawezi kulala nayo chumba kimoja. Hakurudi Mpwapwa. Alizikwa Kibakwe, mbali na kaburi alilokuwa akiliogopea upweke.

Siku hizi naishi Dodoma mjini. Binti yangu ana miaka kumi na simu, na kabla ya chai ya asubuhi ameshajipiga picha ishirini na kufuta kumi na tisa. Hakuna kidirisha, hakuna namba ya kumsuta, na giza la jikoni halimsumbui kwa sababu simu ina taa yake. Namtazama nikimwonea wivu, kisha namwogopea, maana maneno nayo yamepata miguu mipya: uso wa bibi wa mtu huzunguka mji mzima leo kabla ugali haujaiva. Akivunja kitu simuulizi mbele za watu. Namvuta pembeni, namwambia hutapigwa, sema. Ile picha ninayo, na ndiyo pekee Bibi Zaina aliyowahi kupigwa. Elia ni baba wa watoto sasa, hajui kitu. Tulipohamia nyumba hii vyumba vyote vilikuwa na makomeo kwa nje, kama walivyoacha wenyewe wa kwanza. Niliyang'oa siku ile ile, kwa mikono yangu, kabla hata ya kushusha vitanda. Mume wangu akaniuliza, kwani yana ubaya gani? Nikamwambia hapana, hayana.